Mzee anasema wakati wa Kagera hakuna aliyedai nyongeza. Je, ni kweli?

Swali: "Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha watu binafsi mkoani Morogoro. Tangu mwaka jana tunaomba kukaa na menejimenti tuzungumzie nyongeza ya mshahara. Kila tukienda tunaambiwa nchi iko kwenye vita ya uchumi, tuwe wazalendo. Baba yangu, ambaye alifanya kazi bandarini Dar es Salaam na akaenda Kagera kama mgambo, yuko upande wao. Anasema Mwalimu alipotangaza vita watu walifunga mkanda, hakuna chama kilichogoma wala kudai senti, ndiyo maana Amin akang'oka. Wenzangu kazini wanasema kinyume, kwamba enzi za Mwalimu vyama vilikuwa vimekufa na hakuna cha kujifunza huko. Nani yuko sahihi? Na ni kweli sheria ya sasa inakataza kugoma? Tuna wenzetu hawajalipwa saa za ziada za miezi minne na vijana wanataka tuzime mashine wiki ijayo."

Jibu:

Kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Mtu aliyevuka Mto Kagera na bunduki mgongoni ana haki ya kuzungumzia kujitolea kuliko mimi niliyeisoma vita hiyo kwenye majalada. Naanza na salamu kwa sababu huko mbele nitampinga kidogo, na sipendi aone nimemvunjia heshima. Na wewe, kabla hujaendelea kusoma, wapigie hao vijana uwaambie mashine zisizimwe wiki ijayo. Sababu nitakupa baadaye.

Umeniuliza mambo mawili, la historia na la kiwandani kwenu. Nitaanza na historia, maana hoja ya menejimenti yenu imesimama juu yake hata kama wao wenyewe hawajui.

Mzee ana ukweli mkubwa mkononi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa ni ardhi ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na yale mambo matatu aliyoyataja, sababu, nia na uwezo, yanajulikana hata na watoto waliozaliwa miaka thelathini baadaye. Watu walitoa kweli. Walichanga mifugo, mazao na fedha. Mgambo waliacha majembe na ofisi wakaenda mafunzoni. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yakapelekwa kubeba askari. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Anayesema yote hayo yalifanyika kwa amri ya serikali hajakaa na wazee wa wakati ule. Amri inaweza kumtoa mtu nyumbani, lakini haimfanyi amtoe fahali wake zizini kwa hiari.

Kwa hiyo wenzako wanaodai kwamba hakuna cha kujifunza huko wanakosea. Mzee naye anakosea pale anapoutafsiri ukimya wa vyama vya wafanyakazi. Anaona hakukuwa na madai, anahitimisha kwamba wafanyakazi waliridhia. Swali la kuuliza ni hili: mwaka 1978 mfanyakazi aliyetaka kudai angedai kupitia wapi? Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja, JUWATA, na kilikuwa jumuiya ya CCM. Kabla yake kilikuwepo NUTA, nacho kiliundwa kwa sheria ya Februari 1964. Mdomo ulikuwa umefungwa miaka kumi na minne kabla ya vita, kwa sababu ambazo hazikuhusu Uganda hata kidogo.

Hapa inabidi turudi nyuma, tena tuanzie bandarini, mahali anapopajua mzee. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Waligoma tena 1943, vita kuu ikiendelea, na serikali ya kikoloni ikawashughulikia kwa kanuni za wakati wa vita. Septemba 1947 wakagoma mara ya tatu, na safari hii moto ukapanda reli ya kati ukaenda bara. Watu wa kazi mbalimbali wakaungana nao na nyongeza ikapatikana. Huwa nawakumbusha wanafunzi wangu kwamba TANU ilikuwa bado haijazaliwa. Wanaosema vyama vya wafanyakazi ni kitu kilicholetwa na wanasiasa wanapanga matukio kinyumenyume.

Shirikisho la vyama, TFL, liliundwa mwaka 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. TFL na TANU wakawa kama ndugu, ingawa TFL haikuwa mtoto wa TANU. Ilikuwa na uongozi wake, fedha zake na hasira zake. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa muda mrefu, chini ya Christopher Tumbo, bendera ya mkoloni bado ikipepea. Uhuru ulipopatikana likaja swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu: serikali ikiwa yetu, anayegoma anamgomea nani?

Mwaka 1962 Kawawa, aliyewahi kuongoza wafanyakazi, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu sheria zilipopitishwa kubana migomo na kulazimisha usuluhishi. Mwaka huohuo ikapita sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba na rais wa TFL, akapelekwa Sumbawanga kukaa mbali na watu wake. Mwaka mmoja baadaye askari wa kambi ya Colito wakaasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Baadhi ya viongozi wa vyama wakashukiwa kwamba walitaka kupenya kwenye ufa huo, wakakamatwa kwa wingi. TFL ikavunjwa, ikaja NUTA. Katibu mkuu wake akawa anateuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Yaani ukienda kuilalamikia wizara, unayemkuta mezani ni katibu wako.

Nikiri kwamba wafanyakazi hawakuondoka mikono mitupu. Mwaka 1964 huohuo ilipita sheria ya kulinda ajira, ukaanzishwa mfuko wa akiba wa wafanyakazi, na mishahara ya chini ilikuwa imepandishwa vizuri mwanzoni mwa muongo ule. Mwalimu naye alikuwa na hoja isiyopaswa kubezwa. Wenye mishahara walikuwa wachache sana mbele ya wakulima, na kila senti iliyoongezwa mjini ilitoka kwenye pamba, kahawa au mkonge wa mtu fulani kijijini. Hoja hiyo bado ina uzito leo. Shida yangu ni kwamba ikishakubaliwa kwamba serikali pekee ndiyo inayojua mizani hiyo imekaaje, hakuna tena wa kumwambia mshika mizani kwamba mkono wake umeteleza.

Unaona sasa kwa nini ukimya wa 1978 hauthibitishi kitu. Na kuna jambo dogo ambalo mzee huenda akalifurahia: vita ilipoanza, Waziri wa Ulinzi alikuwa huyohuyo Kawawa.

Sasa nikupeleke nje kidogo, kwa sababu ulinganisho wa uongozi wa wakati wa vita hauwezi kukamilika kwa mfano mmoja. Mei 1940 Churchill alipounda serikali ya mseto ya vita Uingereza, wizara ya kazi alimpa Ernest Bevin, katibu mkuu wa chama kikubwa cha wafanyakazi wa usafirishaji. Bevin hata mbunge hakuwa; ilibidi atafutiwe jimbo. Miezi miwili baadaye ikatoka Amri Na. 1305, iliyopiga marufuku migomo na kulazimisha usuluhishi. Vyama vikakubali. Lakini vilikubali kwa bei inayojulikana. Mtu wao alikuwa ndani ya serikali, mishahara iliendelea kujadiliwa, chakula kikawa kinagawanywa kwa kadi kwa mwenye nacho na asiyenacho, na faida ya ziada ambayo makampuni yangeipata kwa sababu ya vita ikatozwa kodi ya asilimia 100. Hiyo asilimia 100 naomba uikumbuke. Serikali iliyomwambia mchimba makaa asidai nyongeza ilikuwa imeshamwambia mwenye kiwanda kwamba ziada ya vita si yake.

Na bado watu waligoma. Januari 1942, katika mgodi wa Betteshanger huko Kent, wachimbaji zaidi ya 1,000 walishtakiwa na viongozi wao watatu wakafungwa jela. Mgodi ukasimama vilevile. Serikali ikaona haina jela ya kuwatosha wachimbaji wote wala wachimbaji wengine wa kuweka mahali pao, ikawatoa wale watatu upesi, na faini nyingi hazikulipwa kabisa. Mwaka 1944 siku za kazi zilizopotea kwa migomo nchini Uingereza zilizidi milioni tatu, huku majeshi yakitua Normandy. Hitler alishindwa hata hivyo. Kwa hiyo ile imani kwamba nchi haiwezi kushinda vita wafanyakazi wakiwa na sauti haina miguu.

Kitu kinachonisumbua zaidi ni Tanganyika ya wakati huohuo. Mfalme mmoja na vita moja, ila hapa hapakuwa na Bevin wala meza ya majadiliano. Watu walichukuliwa kwa lazima kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge na mpira, kwa kuwa Japani ilikuwa imeteka Ufilipino na visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia vilivyokuwa vikitoa bidhaa hizo. Kule kujitolea kulipatikana kwa makubaliano, huku kwa amri. Mtu akikuambia "wakati wa vita watu hujitolea", muulize ni kwa njia ipi kati ya hizo mbili, maana zote zimewahi kutumika, tena na serikali ileile, mwaka uleule.

Kagera ilikuwa mchanganyiko. Hiari ilikuwepo tele, lakini meza ya wafanyakazi haikuwepo. Na gharama ya kukosa meza ilionekana baada ya ushindi. Vita ilipokwisha wananchi waliombwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Mzee ataikumbuka miezi hiyo, kwa sababu haikuisha. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tena, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mashirika ya umma yalikuwa yanavuja, na deni la vita lilikuwa juu ya yote. Zikaja foleni za sukari na sabuni, ukaja unga wa njano tulioubatiza Yanga, ukaja ulanguzi, na mwaka 1983 msako mkubwa wa wahujumu uchumi chini ya Edward Sokoine. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa kima cha chini ulikuwa umepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake ya miaka kumi nyuma. Hakuna chama kilichoweza kusimama na kusema: mlituambia miezi 18, leo ni mwezi wa arobaini, tuonesheni hesabu. Wafanyakazi walijibu kwa njia walizokuwa nazo. Walitega kazi, wakalima bustani saa za ofisi, wakafuga kuku uani, wakauza maandazi. Waliojaribu waziwazi waliumia. Mwaka 1986 huko Kilombero, mkoani kwenu, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa sukari na wengine wakafa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mzee kwa dhati. Yeye anaona ukimya ulisaidia kushinda vita. Mimi naona ukimya uliochelewesha marekebisho ya uchumi kwa miaka, kwa sababu walioumia wa kwanza hawakuwa na pa kusemea.

Lakini kuna jambo moja ambalo mzee akikubana nalo, usibishane. Mwalimu alianza na yeye mwenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza karibu 400, na kwenye mkutano huohuo akajikata mshahara wake kwa asilimia 20 na kuagiza ya wakubwa wengine nayo ikatwe. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha na miiko yake: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye makampuni, asipangishe nyumba. Ndiyo maana 1978 alipoomba, watu hawakumuuliza yeye anatoa nini. Jibu walikuwa wanalijua tangu miaka kumi na miwili nyuma. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo kila kiongozi anayesema "tufunge mkanda" anakopa imani ambayo hakuiweka akiba.

Tuje sasa kwenye sera za miaka hii. Maneno "vita ya uchumi" mliyoambiwa yalivuma sana enzi za Rais Magufuli, hasa mwaka 2017 wakati wa sakata la makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Kipindi hicho nyongeza za kila mwaka na upandishaji vyeo katika utumishi wa umma vilikuwa vimesimamishwa tangu 2016, kwanza ili kuhakiki watumishi hewa. Uhakiki ulikuwa na sababu ya haki kabisa. Fedha za watu wasiokuwepo zilikuwa zinalipwa. Ila kilichotangazwa kuwa ni cha muda kikaendelea, na nyongeza ya maana ya kima cha chini serikalini ikaja Julai 2022, asilimia 23.3. Miezi 18 ya Mwalimu ina wajukuu, kama unavyoona.

Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 nayo ni ya kupima kwa mizani hiyo. Ilitetewa kwa lugha ya kizalendo, lakini mchango wa Kagera mtu aliupeleka mwenyewe akijua unaenda kwa askari gani, na tozo ilikatwa hata kwa mama anayetumiwa elfu tano ya dawa. Watu wakapiga kelele, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo na kupunguzwa tena baadaye. Kwangu hilo ni jambo jema kuliko yote katika habari hiyo: kelele zilisikika. Na tuwe wa haki: vita ya Ukraine ilipopandisha mafuta mwaka 2022, serikali ilitoa shilingi bilioni 100 za ruzuku kwa mwezi wa Juni ili kushusha bei. Huo ulikuwa mzigo wa vita ya wengine ambao hazina iliubeba kwanza kabla ya kumwachia abiria wa daladala.

Kinachonifanya niseme NUTA bado haijafa kabisa ni Mei Mosi. Angalia tunavyoisubiri: je, mwaka huu Rais atatangaza? Mwaka 2025 pale Singida ilitangazwa asilimia 35.1 kwa watumishi wa umma, kima cha chini kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ni nyongeza kubwa, sitaibeza. Lakini ilivyopokelewa, kwa vigelegele kama zawadi ya sikukuu, inaonesha jinsi tulivyozoea mshahara uwe kitu cha kupewa. Kisheria vyama vilitenganishwa na chama tawala tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sheria mpya za kazi zilipita 2004. Mazoea hayajasoma sheria hizo.

Kwa hiyo mwenye haki ni nani, mzee au wenzako? Mzee ana haki kuhusu moyo wa watu na mfano wa kiongozi. Wenzako wana haki kuhusu vyama. Menejimenti yenu haina haki kuhusu lolote, kwa sababu inaazima lugha ya vita bila kuleta chochote ambacho vita halisi ilidai kwa mwenye kiwanda. Mkiitwa tena na kuambiwa habari ya vita ya uchumi, ulizeni kwa adabu: vita hiyo inaisha lini, gawio la wenye hisa limekatwa kiasi gani, na magari ya wakurugenzi yamepunguzwa mangapi? Ukijibiwa vizuri, inawezekana kabisa hali ni mbaya na mnapaswa kuvumilia. Viwanda hufa kweli, na katibu wa tawi asiyekubali kuona hivyo huwaongoza wenzake kwenye geti lililofungwa.

Na hapa sheria inakusaidia kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema chama kilichosajiliwa chenye wanachama walio wengi katika kundi la wafanyakazi husika kina haki ya kutambuliwa kuwa ndicho mwakilishi pekee wa kujadiliana. Mwajiri akishakitambua, analazimika kujadiliana kwa nia njema, na pia kutoa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Taarifa hizo zinaweza kugusa hata hali ya fedha, kwa masharti ya kutunza siri. Hujaniambia kama mna mkataba wa kutambuliwa. Kama hamna, mmekuwa mkiomba kikao kama hisani. Anzeni hapo: hesabuni wanachama, mpelekeeni mwajiri taarifa kwa fomu yake, na ana siku 30 za kukutana nanyi. Akikaa kimya, suala linaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA.

Kugoma hakukatazwi. Nimechoka kulisikia hili kutoka kwa mameneja na, kwa masikitiko, hata kwa viongozi wa vyama. Isipokuwa kwa majeshi na polisi, huduma nyeti kama maji, umeme, hospitali, zimamoto na uongozaji ndege, na makundi mengine machache, haki ipo. Watumishi wa umma wana sheria yao ya ziada ya mwaka 2003, lakini wewe uko kiwanda binafsi. Masharti ni haya: mgogoro uwe wa maslahi, yaani mnadai kitu kipya kama nyongeza, upelekwe CMA kusuluhishwa, siku 30 za usuluhishi zipite bila mwafaka, chama kipige kura kwa katiba yake na waliopiga kura wengi waunge mkono, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mgomo uliopita njia hiyo unalindwa. Mwajiri hawezi kukufukuza kwa kushiriki, ingawa halazimiki kukulipa kwa siku ambazo hukufanya kazi. Angalia pia kama mna mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, unaogusa mshahara, au kama Amri ya Kima cha Chini iliyogusa jambo hilohilo iko ndani ya mwaka wake wa kwanza, kwani vyote viwili vinaweza kuzuia mgomo wa jambo hilo.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuambia uwapigie vijana. Saa za ziada zisizolipwa ni mgogoro wa haki. Kitu hicho tayari ni chenu kwa sheria: kazi ya kawaida haizidi saa 45 kwa wiki, na inayozidi hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Mgogoro wa haki haupelekwi kwenye mgomo, unapelekwa kwenye uamuzi. Wakizima mashine kwa ajili ya malipo hayo, mgomo wao haulindwi, na mwajiri anapata sababu ya kuwafukuza hao hao anaodaiwa nao. Nimeona tawi zima likipotea namna hiyo. Hasira yao ilikuwa ya haki, njia ndiyo iliyowaponza, na mwajiri akaajiri wengine kwa mkataba wa siku.

Na hapa kuna saa inayogonga. Madai ya namna hii hupelekwa CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea (kuachishwa kazi ni siku 30). Miezi minne maana yake madai ya miezi ya mwanzo huenda yameshapitwa. Hayajafa, lakini mtalazimika kuomba kuongezewa muda kwa fomu ya pekee na kueleza sababu za kuchelewa, na msuluhishi anaweza kukataa. Kila mwezi mnaosubiri uzalendo wa menejimenti unawaongezea ugumu. Kusanyeni kadi za kuingilia kazini, hati za mishahara, ratiba za zamu, hata ujumbe wa simu wa msimamizi aliyewaita Jumapili. Kila mtu aandike jedwali lake la tarehe na saa.

Kuna njia nyepesi ya kuanza nayo: afisa kazi wa mkoa. Ana mamlaka ya kuingia kiwandani, kukagua daftari na kutoa amri ya utekelezaji kwa mwajiri. Mara nyingi ziara yake moja hufanya kazi ambayo barua kumi hazikufanya. Lakini kwenda kwake hakusimamishi zile siku 60, kwa hiyo fanyeni vyote kwa pamoja.

Kuna mambo mawili ambayo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi. La kwanza, kama mwajiri ameshaanza kuwatisha au kuwahamisha viongozi wa tawi, au mmoja wenu amepewa barua ya kujieleza, nenda ofisi ya kanda ya chama chenu ana kwa ana, kesho, na barua mkononi. La pili, kabla ya kura yoyote ya mgomo, tafuteni mwanasheria wa chama au wakili wa masuala ya kazi asome mikataba yenu yote. Sheria hizi zimerekebishwa mara kadhaa tangu 2004, na neno moja kwenye mkataba wa hali bora linaweza kugeuza yote niliyoandika hapa.

Kuhusu mzee, kama afya yake inaruhusu, mwombe akusimulie bandari ilivyokuwa ile miaka ya baada ya vita: mshahara wake ulinunua nini, na alipokuwa na shida alimwendea nani. Chukua kalamu. Ukipata nafasi niandikie alichosema, kwa sababu wazee wa NUTA na JUWATA wa bandarini wanapungua na majalada hayakuandika walichokuwa wakisemezana kwenye foleni ya sukari.